Ndugu Sita wa Mgonjwa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali huku ughaibuni, mjini Saint Paul, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa fotokopi za upuuzi. Upuuzi wenyewe ulikuwa uchunguzi. Serikali ilitaka kujua eti watu wa jinsia moja wanaoishi kinyumba wanakosa haki gani ambazo mume na mke wanazipata. Ikaundwa kamati, na kamati ikazaa kamati ndogo. Kila Alhamisi walikaa na kahawa zao na donati zao, wakichambua sheria moja moja: urithi, bima, pensheni, kumwona mgonjwa hospitalini. Mwezi mzima walibishana nani hasa anafaa kuitwa familia. Watu wazima, wana shahada zao, wana miwani yao ya bei. Wangewauliza wahusika wenyewe wanakosa nini, wangejibiwa kabla kahawa haijapoa. Ripoti ilipotoka, niliibana pini kwa mikono yangu mwenyewe, na ule ukurasa wa hospitali ulisema suala hilo lichunguzwe zaidi.

Nilikuwa nawadharau sana watu wale. Nikirudi nyumbani nawaigiza wanavyokohoa kabla ya kusema, mume wangu anacheka mpaka anashika mbavu.

Sisi Watanzania wa huku hatukuhitaji kamati, tulikuwa na mtindo wetu. Mtanzania akilazwa, wote tunakuwa ndugu zake wa damu. Nesi akiuliza, huyu anajibu ni kaka, yule ni mama mdogo, mwingine binamu, na tunaandikwa kwenye orodha bila kupepesa macho, Mchaga na Mmakonde wa tumbo moja. Nani aliwahi kutudai cheti cha kuzaliwa? Mimi peke yangu nimekuwa dada wa watu ambao nilijifunza majina yao kwenye lifti, nikipanda kwenda kuwaona. Jambo hili tulijisifu nalo kila tulipokutana. Wazungu hawana utu, tulisema, wanaachana wafe peke yao.

Sasa kulikuwa na mwenzetu mmoja, mhasibu, aliyekuja kusoma akabaki. Alikaa kitongoji cha Champlin na Mzungu mmoja, fundi wa mabasi ya shule, mwaka wa tisa huo. Sisi tulimwita yule Mzungu mpangaji. Nyumba ina kitanda kimoja, mimi nimeingia humo na kukiona, mpangaji analala wapi? Tulijitia hamnazo. Na huyo mpangaji alikuwa hakosi misiba yetu. Anabeba viti, anasonga ugali jasho linamtoka, ananiita dada na kuniamkia shikamoo vizuri kuliko watoto wangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa kwanza, gari la yule mhasibu liliteleza kwenye barafu likagonga nguzo. Simu zikapigwa, tukakusanyika hospitalini watu sita, Wakristo wanne na Waislamu wawili, akiwemo mwenyekiti wa jumuiya yetu. Daktari alishasema mgonjwa huenda asiimalize siku. Chumba cha mahututi kiliruhusu ndugu tu. Mwenyekiti akajitambulisha kuwa kaka mkubwa, mimi dada anayemfuata, na kadhalika, nesi akaandika wote.

Mzungu alikuwa amefika kabla yetu. Nesi akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, akajibu, "Ni mwenzi wangu, naishi naye." Alisema kweli, masikini. Nesi akamwambia pole, lakini asubiri pale kwenye viti.

Mzungu akanigeukia mimi. "Dada, waambie mimi ni wa kwenu."

Kilikuwa kitu cha sekunde mbili. Ningesema huyu ni shemeji yetu, au ndugu yetu wa kulelewa, au lolote, maana uongo wa namna hiyo niliujua kuliko sala. Lakini mwenyekiti alikuwa ananitazama. Nikaona jinsi habari itakavyofika Bloomington, wanakokaa wengi wetu, kabla sijafika kwangu, kwamba mama fulani ametamka hadharani kitu ambacho miaka yote tulikuwa tunakipitia pembeni.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, nikaingia na wenzangu.

Ndani, mgonjwa alifumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja, ndugu zake sita, kisha akatazama mlangoni. Akamwita yule Mzungu kwa jina. Mwenyekiti akampapasa bega: "Tulia, pumzika, sisi ndugu zako tupo." Akaita tena. Tukaanza kusali. Wakristo tukamaliza, Waislamu wakapokea kwa dua, na namkumbuka mama mmoja akinong'ona kwamba umoja wetu ni mzuri mno. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mgonjwa juu ya shuka. Akaita mara ya tatu, sauti imeshakuwa ndogo, na mama huyohuyo akamwambia shii, asijichoshe. Saa sita haijafika, akakata roho, macho yake yako kule kule mlangoni.

Wanaume wakabaki wakiulizana nani apige simu nyumbani. Nikatumwa mimi nikamwambie mpangaji.

Alikuwa amekaa pale pale, koti la mwenzake mapajani. Aliponiona usoni alijua. Hakulia. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Aliniita?"

"Hapana," nikasema. "Alilala tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwamba hakufa peke yake.