Biashara ya Vitumbua Inaendaje

Hoteli niliyokuwa nafanya usafi kule Hounslow ilipotupunguza, nikaanza kukaanga vitumbua nyumbani kwangu Tottenham na kuwauzia watu wa msikitini kila Ijumaa. Ofisi ya kazi ikasema sawa, mama, jiajiri, na kila mwezi utuambie umepata nini. Ukipata kidogo, serikali inakuongezea ili kodi ya nyumba ilipike. Na mimi nilikuwa napata kidogo kwelikweli. Nusu ya wateja walikuwa wanakula kwa kuonja.

Siku moja nikaitwa kuhojiwa. Nikaenda peke yangu na Kiingereza changu cha dukani. Dada mmoja mpole akanikaribisha, akaniuliza, "Biashara inaendaje?"

Nikamjibu, "Nzuri sana, Mungu ni mwema."

Sasa jamani, ningejibu nini? Kwetu Tanga ukiulizwa hali unasema nzuri kwanza. Hata msibani unasema nzuri, tumeshazika. Shida zinakuja baadaye, mtu akishakuuliza za nyumbani, za watoto, za afya, na chai imeshamiminwa. Nikakaa nasubiri aniulize za nyumbani. Akaniuliza wateja. Nikasema wapo, tunashukuru. Akaandika, akanishukuru, akasimama. Nikatoka nje nikijiambia kwamba wazungu hawajui kusalimiana.

Baada ya wiki moja ujumbe ukaingia kwenye simu. Kwa kuwa biashara yangu imesimama vizuri, watanihesabu kama mtu mwenye mshahara kamili, na ile nyongeza wanaikata. Nikakaa kitako jikoni. Bila nyongeza, nyumba hatuna.

Binti yangu, mwanafunzi wa chuo, alisoma ule ujumbe mara mbili. "Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nzuri."

"Kwa nini?"

"Si aliniuliza!"

Akashika kichwa. Akaomba tupangiwe mahojiano mengine, halafu akanifanyisha mazoezi palepale jikoni, yeye ndiye ofisa, kavaa miwani yangu ya kusomea.

"Biashara inaendaje?"

"Nzuri."

"Mama!"

"Haya basi, nzuri kidogo."

"Mama, yule si jirani, hataenda kukutangaza!"

Ilichukua siku tatu. Mara ya kwanza nilipotamka neno "mbaya", nilijisikia kama nimejitukana, nikaongeza haraka "lakini tunamshukuru Mungu". Akanifutia hiyo ya kushukuru. Loo, mtoto huyu ana roho ngumu! Sijui kairithi wapi, maana baba yake alikuwa mtu laini.

Siku ikafika, tukakaa wote wawili mbele ya dada yuleyule. Akaniuliza swali lake lilelile. Nikavuta pumzi, nikasema mbaya. Na nikishafunguka, mimi sina breki. Binti alikuwa anatafsiri mbio mbio: mafuta yamepanda bei, bibi mmoja wa kitchen party kachukua vitumbua mia mbili hajalipa na simu hapokei, goti linaniuma, king'ora cha moshi kinalia kila nikikaanga na jirani wa juu anagonga sakafu kwa ufagio. Dada akaomba karatasi zangu za mauzo. Nikampa daftari lote, lina mafuta hadi jalada. Akalipekua kwa ncha za vidole, akasema hapa pana makosa, biashara hii bado changa, nyongeza itarudi.

Nilitaka kumkumbatia. Akauliza kama kuna lingine. Nami midomo ilikuwa imeshazoea, nikamwambia binti, "Mwambie naogopa. Tangu hoteli ituache silali. Naogopa tutafukuzwa kwenye nyumba."

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Binti aliinamisha macho mezani, kisha akalitafsiri neno kwa neno, polepole. Alipomaliza akaongeza la kwake.

"Na mimi pia," alimwambia yule dada. "Nimeanza kutafuta kazi. Nataka kuacha chuo."

Miezi minne tangu hoteli ituache tumekula meza moja. Kila jioni nilikuwa namuuliza habari za chuo, na kila jioni ananiambia nzuri.