Karibu ya Magomeni

Nilipanda basi kutoka Newala kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kuchagua mahali pa kula chakula cha usiku. Mlionisindikiza stendi mlinicheka, na mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Bakari, mtoto wa kaka yangu, anayeuza vitenge Kariakoo, alikuwa amepata mchumba, Zuhura wa Magomeni. Mama yake Zuhura alikuwa hajamwona kijana wetu, akatuma neno kwamba kabla ya kuzungumza mahari anataka kwanza kula na watu wa upande wetu, kwani mtu humjui mpaka ule naye. Ikapangwa iwe Jumapili, kwenye hoteli tutakayoichagua sisi. Kaka yangu miguu inamsumbua, nikatumwa mimi. Nikiboronga, Bakari anakosa mke.

Alhamisi jioni, Posta. Bakari alinipeleka hoteli ya ghorofani yenye taa hafifu hata nikauliza kama umeme umepungua. Kiyoyozi kilinifanya nijitande khanga zote mbili. Samaki alikuwa mtamu, sina la kumsingizia, ila aliletwa peke yake katikati ya sahani kubwa, na watu wa meza zote walikuwa wananong'ona. Nikamwambia Bakari hapa panawafaa wanaotaka kutongozana, si wakwe wanaotaka kusikilizana.

Ijumaa, Kariakoo. Maduka yanapofungwa, meza za wapishi zinachukua barabara, na moshi wa mishkaki unakupokea kabla ya mwenye nayo. Bakari akasema tuanze na zege. Nikamuuliza tangu lini amekuwa fundi ujenzi. Kumbe zege ni chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai, na kweli linakaa tumboni kama jina lake. Meza ya pili palikuwa na supu ya pweza. Wanaume waliokuwa wanakunywa waliponiona walitazama pembeni, maana supu ile inasifiwa kwa mambo ya chumbani. Muuzaji hakuona haya, akanihakikishia kwamba hata magoti inayatibu. Nikanywa kikombe, nikaongeza. Kwa raha yangu mwenyewe ningeishia hapo, lakini mama wa watu huwezi kumkalisha kwenye stuli ya pweza.

Jumamosi, baada ya magharibi, tukachukua bajaji. Tulipovuka Jangwani dereva alituonyesha maji yanapofika mvua zikichachamaa, kisha akatushusha Magomeni. Tulikuwa tunakwenda kuonja biriani ambayo rafiki zake Bakari wanaisifu sana, na ndiyo lilikuwa tumaini letu la mwisho. Njia ya kwenda huko inapita mtaa wa kina Zuhura. Tulikubaliana kwamba Bakari akikohoa, nyumba ndiyo hiyo. Nitupie jicho tu, nisisimame.

Mbele kidogo, kwenye baraza moja, wanawake watatu walikuwa mkekani wamezunguka sinia. Tulipofika usawa wao, aliyekuwa mkubwa wao akasema, "Karibuni chakula."

"Starehe, mama," Bakari akajibu mbiombio, huku anakaza mwendo.

Mimi nikavua ndala.

Kwetu mnajua wenyewe: ukikaribishwa chakula unaonja hata tonge moja. Ukipita tu, umemwambia mwenzako humwamini mkono wake. Sikujua kwamba mjini karibu ile ni salamu, starehe ndiyo jibu lake, na kila mtu anaendelea na yake. Bakari akaanza kukohoa nyuma yangu. Nikadhani ni vumbi.

Wanawake wale walitazamana, halafu wakanisogezea nafasi. Nikanawa, nikamega. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchicha, ndimu pembeni. Jamani, nilikuwa sijala vile tangu nishuke basi. Nikamsifu mpishi, nikaeleza kwamba natoka Newala, nahangaika kutafuta hoteli ya kumlisha mkwe, na nilikopita kote hakufui dafu mbele ya sinia hili. Nikawasimulia baridi ya Posta, nikawasimulia na pweza. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

Ndipo msichana akatoka ndani na jagi la maji. Alipomwona Bakari barabarani, akaduwaa na jagi lake mkononi. Nikamtazama Bakari, nikamtazama binti, na kile kikohozi chote nikakielewa kwa mpigo. Niliona nimemharibia mtoto wa kaka yangu ndoa yake, tena mdomo umejaa wali wao.

Mama yule alimtazama bintiye, kisha kijana, kisha mimi.

"Ndiyo nyinyi wa Newala?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Barazani hapa nakaribisha watu kila siku," akasema taratibu. "Wote wananiambia starehe. Nilishasahau kama kuna mtu anaweza kukaa." Akamgeukia Bakari. "Na wewe mwanangu, utakula na viatu?"

Bakari alitoa shikamoo huku anahangaika na kamba za viatu. Akaitikiwa marahaba, akapewa upande wenye samaki.

Jumapili hatukwenda hoteli yoyote. Mahari ilizungumzwa mkekani palepale, na mambo yakaisha kabla chai haijapoa.

Jumatatu nikarudi nyumbani. Mlioniomba niwaelekeze pa kula: Posta mwende na sweta, Kariakoo mwende na njaa. Biriani ya Magomeni siwezi kuisemea, sikufika. Nimejifunza kujibu starehe na kupita zangu kama watu wa mjini. Lakini kwenye basi nilikuja nimepakata sinia kubwa nililonunua Kariakoo, kwa sababu mama yake Zuhura atakuja kututembelea mvua zikiisha. Nimemwahidi karibu ya kwetu, ile ya kuvua ndala.