Sakafu ya Altare na Magoti ya Mama Mwende

Aibu hii ningeendelea kuificha kama Mwende hangeanza kuisimulia kila tukienda kutembelea watu, tena anaitia chumvi, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu.

Mwende ndiye msichana ninayetaka kuoa. Jumamosi hiyo nilikuwa nikutane na mama yake kwa mara ya kwanza, katika kanisa la misheni kongwe ya Kikatoliki, mwendo wa miguu tu kutoka soko la Kariokor, kwa sababu jumuiya yao ilikuwa na zamu ya usafi. Mwende aliniambia nije wakishamaliza. Mimi nikaja kabla hata hawajafika. (Ninaandika riwaya, ndani yake kuna kanisa, na kanisa ninalolijua tangu utotoni ni la mabati, halina hata picha ukutani.)

Lile la misheni lilikuwa jambo jingine kabisa. Mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, matao yanayopokezana hadi juu, vioo vya rangi vikimwaga wekundu na samawati chini kama leso mbichi zinazochuruzika kambani. Na mbele ya altare, vigae vidogo vidogo vilivyopangwa vikawa samaki na mizabibu. Nikavua viatu nisivichafue. Nikapiga magoti. Bado sikuona vizuri jinsi fundi alivyokata kila kipande, kwa hivyo nikalala kifudifudi, shavu sakafuni, mikono nimeitandaza kupima mzabibu mmoja.

Nikasikia ndoo zikiwekwa chini nyuma yangu.

"Shhh! Msimkatize," mwanamke alinong'ona. "Hivyo ndivyo mapadri hulala siku ya upadrisho."

"Woi! Na bado ni kijana hivyo!"

Ningeinuka hapo hapo, nisalimie, mambo yaishe. Lakini niliona haya, nikafumba macho, nikajiambia watapita. Hawakupita. Walipiga magoti wakaanza kuniombea. Nikangoja Amina ili niinuke kwa heshima. Amina ikafika, nikakunja mkono, na papo hapo wakaanza Salamu Maria nyingine. Nikaurudisha mkono. Amina nyingine, Salamu Maria nyingine. (Sisi wa kanisa la mabati tulikuwa tukiomba mara moja, kwa kelele, tukaketi, hakuna aliyewahi kunieleza urefu wa rozari.) Baridi ikaniingia mbavuni, pua ikawasha, nikapiga chafya, na mmoja wao akasema, "Asante Yesu," kwa sauti ya kutetemeka.

Walipomaliza, nikainuka. Yule wa sauti ya kutetemeka alikuwa mama mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, amejishikilia kwenye benchi akijaribu kunyoosha magoti, machozi yakimtoka.

"Mwanangu, unafikiria upadri?"

Niliyatazama yale magoti. "Nimekuwa nikifikiria, mama."

Vigelegele! Mmoja akatoka mbio kumwita baba paroko. Mama wa kitambaa chekundu akanishika mikono, akaita, "Mwende! Hebu njoo usalimie padri!"

Mwende alikuwa mlangoni na ufagio. Akaniangalia miguu mitupu, akaniangalia shavu lenye alama za vigae.

"Mum," akasema polepole, "huyu ndiye Brayo."

"Brayo gani?"

"Wangu."

Mama Mwende akaniachilia mikono.

"Mama, nilikuwa naangalia vigae," nikasema.

"Vigae."

"Ndiyo, mama. Vimepangwa vizuri sana."

"Kwa hivyo mimi, na magoti haya, nimekuwa nikiombea vigae?"

Baba paroko akaingia akitabasamu, mikono mbele. "Rudi tu, baba," Mama Mwende akamwambia. "Si padri. Ni mkaguzi wa sakafu." Kisha akanirushia tambara bichi. "Unavipenda? Vioshe."

Nilivisugua kutoka altare hadi mlangoni, wale kina mama wameketi kwenye mabenchi wakinielekeza. "Padri, hapo umeruka! Padri, kona!" Mwende alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Hadi leo mama yake ananiita Padri, na nikiuliza wazee wangu waje lini kuzungumza, anasema bado anaomba. Nami nimeapa: popote nitakapokutwa, katika hali yoyote ya kijinga, nitasema ukweli kabla mama wa mtu hajapiga magoti.