Fundi wa taa arudisha rangi kwenye tumbawe la mkunga

Saa tatu asubuhi, mapazia ya sebule yamefungwa. Mwanamke aliyevaa ovaroli amepanda kwenye kigoda mbele ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ameshika ncha ya kipande cha chandarua kilichotandazwa juu ya tangi, chini ya taa. Havuti bado.

"Bibi, uko tayari?"

"Niko tayari tangu mwezi jana," anajibu mwenye nyumba, mkunga mstaafu aliyeketi kwenye kochi, magoti yake yamefungwa bandeji. "Wewe ndiye unayechelewa kama mimba ya tembo."

Fundi anacheka. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme wanamwita Mama Taa. Kazi yake ni kuchagua na kufunga taa kwa watu wanaofuga matumbawe nyumbani, na chandarua hiki ni cha mwisho kati ya vinne alivyotandaza hapa kupunguza makali ya mwanga.

Juu ya jiwe ndani ya maji limekaa tumbawe la ukubwa wa sahani. Lilianza kama kipande cha ukubwa wa kidole, zawadi ambayo mkunga alipewa na mdogo wake siku alipostaafu. Magoti hayamfikishi tena baharini, kwa hiyo bahari yake ni hii.

Mwezi jana nusura imfie. Mkwe wake, kwa mapenzi tupu, alimletea taa kali kuliko zote dukani, akaiwasha mpaka mwisho. Tumbawe la kijani likapauka, likawa kama chokaa.

"Nikamwambia, baba, umeniletea jangwa sebuleni!"

Mama Taa anaeleza kwamba tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana, na ndani ya miili yao huishi mwani unaowalisha kwa nguvu ya mwanga. Mwanga ukipungua, wanashinda njaa. Ukizidi ghafla, mwani hutoka, na rangi huondoka nao.

"Ndiyo maana kabla sijataja taa, nauliza nani anakaa humu," anasema. "Taa hainunuliwi ikupendeze wewe uliye kwenye kochi. Inanunuliwa kwa ajili ya anayeishi chini yake."

Taa ya mkwe hakuitupa. Aliipandisha juu zaidi, akapunguza mwanga mweupe, akaacha wa buluu utawale. Kisha akatandaza vyandarua, awe anaondoa kimoja kimoja tumbawe likizoea.

"Hapo tukaelewana," anadakia mkunga. "Hata mtoto mchanga humtoi nje jua la utosi."

Mama Taa alianza kwa kufunga taa za darini kwenye nyumba mpya. Siku moja aliitwa kuning'iniza taa juu ya tangi la mteja. Kesho yake alirudi, si kwa kazi, kuangalia tu.

"Wauza nyaya walinitania: shemeji, hao samaki wanasoma gazeti?" anasema, akinyoosha mgongo. "Leo wao ndio wananiletea wateja. Na mmoja amenunua tangi lake!"

Sasa anavuta chandarua. Anazamisha kipima mwanga hadi kwenye jiwe, anakisoma, anapunguza taa kidogo. Halafu anashuka, anakaa sakafuni.

Polepole vijikono laini vinachomoza, kimoja hapa, vitano pale, mpaka tumbawe lote linatikisika, kijani kibichi. Upande mmoja tu umebaki na kovu jeupe.

Mkunga amesimama bila kusaidiwa. "Mwanangu, hilo limeshiba."

"Limeshiba, bibi." Fundi anafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

Ana mpango wa kukodi chumba chenye tangi lake mwenyewe, wateja waone kila taa inavyofanya kazi kabla ya kununua. Anamwomba mkunga kipande kidogo cha tumbawe cha kuanzia.

"Leo? Thubutu! Mtoto haachishwi ziwa siku anayopona homa. Kovu likijaa, uje."

"Nitakuja, bibi," anasema Mama Taa, akikunja chandarua. "Acha kwanza nikakitafutie hicho kipande taa yake."