Siku Kaye Yangu Ilipowapanga Watu Mstari

Mkipita na mimi Ndosho, mtaa wetu hapa Goma, na mtu akaniita "Madamu Liste", msicheke, na kama ni lazima mcheke basi chekeni kidogo, kwa sababu jina hilo nililipata kwa kosa langu mwenyewe mbele ya avenue nzima, njia yote na nyumba zake, na hadi leo nikikumbuka masikio yangu yanashika moto.

Jina langu hasa ni Aline. Nilisoma hadi darasa la sita, kisha mama mdogo akanichukua katika atelie yake ya kushona, na tangu hapo maandishi yangu yote yalikuwa vipimo vya wateja: kiuno, mabega, urefu wa mkono. Ninaandika polepole sana (mama mdogo husema mteja anaweza kunenepa kabla sijamaliza kuandika kiuno chake), na kuongea mbele ya watu ndiyo kabisa siwezi. Mtu akinisalimu ghafla ninamjibu ndani ya kichwa tu, halafu nasikia baadaye kwamba nina kiburi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kujifunza kuandika hadithi. Kulikuwa na mwalimu aliyefundisha vijana bure kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, na siku moja nilipita pale kupeleka mapazia tuliyoshona, nikamkuta msichana anasoma alichoandika kuhusu mbuzi wa bibi yake, nikasimama mlangoni hadi nikasahau mapazia mkononi. Jumamosi iliyofuata nilikuwa benchi la nyuma, kaye mpya, daftari langu la kwanza tangu shule, mapajani na biki mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu akatuambia, "Musitafute mambo ya mbali. Kaa fasi moja, angalia batu, andika kile uko naona. Jumamosi kila mutu alete ukurasa moja."

Ukurasa mzima! Mimi ambaye sentensi yangu ndefu kuliko zote ilikuwa "suruali ya bluu, apunguze chini".

Jumatano mama mdogo alikwenda sokoni kutafuta nyuzi, nikapata asubuhi yangu. Nikafikiri: wapi watu wanakaa fasi moja muda mrefu, ili mwandishi mwenye mkono mzito kama mimi awafikie kabla hawajaondoka? Kwenye robine, bomba la maji, bila shaka; nikachagua ya avenue ya mbali kidogo, ambako hawanijui. Pale akina mama wanapanga bidoni zao, yale madumu ya maji, tangu alfajiri, maji yanatoka kwa saa chache, kisha mwenye robine anafunga na kwenda zake. Kulikuwa na baridi, kwa hiyo nikavaa jile yangu ya kaki, ile isiyo na mikono, yenye mifuko mingi, niliyoinunua mitumbani kwa sababu ya mifuko tu. Biki moja nikaichomeka kifuani. Nikajiona mwandishi kweli kweli.

Mliokaa Goma mmeshaelewa. Kwa wasiokaa Goma, acheni niwaeleze: hapa kwetu watu wengi wamekimbia vita mara nyingi, na mgeni mwenye jile ya kaki anayekaa juu ya jiwe, anakuangalia, anaandika kwenye kaye, anakuangalia tena, huyo si mwandishi wa hadithi. Huyo ametumwa na proje fulani ya msaada kuandikisha familia zitakazopewa unga, maharage na mafuta. Na jina lisipoingia kwenye liste, yaani orodha, siku ile, hata ulie namna gani, siku ya kugawa utasimama pembeni ukiangalia wenzako wakibeba.

Mimi nilijua hayo yote. Nilijua kama ninavyojua sindano. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshughulika na kuwa mwandishi.

Nikaandika mistari michache kuhusu bidoni ya manjano iliyozibwa kwa kitambaa, na kuhusu muzee mmoja aliyepita, halafu nikaona kivuli kimesimama mbele yangu. Alikuwa mama mnene wa mabega, mikono myeusi kwa makaa anayouza.

"Weye mutoto, uko naandika nini?"

"Niko naandika tu," nikajibu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Ni ya proje gani?"

Nikainamisha kichwa. (Hiyo ndiyo dawa yangu ya kila swali.)

Akashusha sauti, akanikonyeza. "Ah, nimeelewa. Banakukataza kusema. Muzuri. Basi andika mimi: Mama Riziki, batoto sita, nyumba ya mulango bluu."

Hapo ndipo nilipokosea. Kama ningefungua mdomo nikasema hapana, mimi si wa proje, angenicheka kidogo na kurudi kwenye bidoni yake, na mimi leo ningekuwa Aline tu. Lakini kumwambia mtu mzima kwamba amekosea, uso kwa uso, kuliniogopesha kuliko kuandika. Nikaandika: Mama Riziki, watoto sita, mlango bluu. Nilijiambia ni neno moja la heshima, halafu atakwenda.

Hakwenda. Aligeuka akaita, "Mukuye! Banaandika!"

Jamani, sijawahi kuona bidoni zikiachwa upesi namna ile. Mama mmoja aliacha yake chini ya robine inajaa na kumwagika. Mwingine akamtuma binti yake akaite majirani, binti akaita na majirani wa majirani, na kabla sijanyanyuka kulikuwa na mstari unaopita duka la mwoka mikate na kukunja kona. Mtu akaniletea kiti. Mtu mwingine akaniletea chai na mkate wa moto kwenye sahani, akisema wafanyakazi wa siku hizi wanateseka sana, na mimi (haya ni ya kutubu) nilikula, maana nilikuwa na njaa na kukataa pia kunataka maneno.

Kwa kuwa ninaandika polepole, kila mtu alipata muda mrefu mbele yangu, na mtu akipata muda mrefu anaongea. Hawakutaja majina tu. Walisema walikotoka, waliacha nini, nani alibaki njiani, na mimi mkono ulifuata masikio, ukaandika yote kama mjinga. Wa nyuma wakaanza kuchoka.

"Huyu anaandika kitabu?"

"Acha afanye muzuri! Ule wa mara ingine aliandika mbio, njo maana jina ya mama yangu ilipotea!"

"Na weye unafanya nini hapa? Si unakaa Kibati?"

"Nilihama! Nilihama tangu zamani!"

Wakaanza kusukumana, na hapo akafika shefu wao wa nyumba kumi, mikono nyuma, uso wa mtu ambaye hakuarifiwa. Akaniuliza nani amenituma. Nikafungua mdomo ili niseme ukweli, naapa safari hii nilikuwa tayari, lakini akina mama wakanijibia kwa pamoja: "Papa shefu, muache mutoto afanye kazi yake!" Naye, alipoona mstari haumsikilizi, akaamua afadhali auongoze kuliko kuupinga. Akaweka wazee mbele na wenye mimba nyuma yao, akawafukuza wa avenue nyingine, nami nikaendelea kuandika, na mwisho akatoa kwenye mfuko mhuri wake uliofungwa katika plastiki.

"Leta kaye. Liste bila mhuri haina maana. Lakini kwanza nitasoma kwa sauti, kila mutu asikie jina yake."

Nilishika kaye kwa mikono miwili. Akaivuta. Nikaachia (nilizoea kuachia). Akaifungua mwanzo kabisa, akakohoa, akasoma kwa ile sauti ya matangazo:

"Bidoni ya manjano imezibwa kwa kitambaa cha nguo ya mtoto. Muzee mmoja amepita mara tatu, mikono nyuma. Suruali yake si yake. Aliyempima alikosea kiuno, na sasa anatembea akiishikilia kwa tumbo, akitoa pumzi itaanguka..."

Alikuwa ameshafika kwenye pumzi alipoelewa. Avenue nzima iliangalia suruali. Naye, Mungu anisamehe, aliingiza tumbo, na suruali ikashuka kidogo kweli, akaidaka.

Walicheka hadi mtu mmoja akakaa chini. Nami nikadhani labda kicheko kitaniokoa. Lakini kicheko kilipoisha, Mama Riziki aliuliza swali moja kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele zote.

"Sasa hii si liste?"

Wakati huohuo mtu akapiga kelele kutoka upande wa robine: mwenye robine alikuwa amefika saa yake ya kufunga, akakuta hakuna anayechota, akafunga na kuondoka. Bidoni zilikuwa palepale, tupu, isipokuwa ile moja iliyomwagika.

Hapo watu walinigeuka. Mmoja alisema ninakusanya majina niyauze kwa watu watakaokula msaada kwa majina ya wenzao, na jambo hilo kwetu si la mzaha, limeshatokea, watu wanalijua. Mikono ikashika jile yangu. Mtu akasema nipelekwe, hakusema wapi. Nilielewa kwamba nisipoongea sasa, mbele ya watu wote hawa, nitakuwa mwizi wa majina Ndosho maisha yangu yote, na mama mdogo atakuwa mwenye atelie inayomfuga mwizi.

Nikaongea. "Mimi si wa proje. Niko najifunza kuandika hadithi. Niliogopa kusema. Mama Riziki aliponiuliza niliogopa, kisha wote mlipokuja niliogopa zaidi. Munisamehe."

Kisha sauti nyembamba ikatoka mbele ya mstari. Alikuwa Koko Bernadette, bibi mzee kuliko wote, ambaye shefu alimpanga wa kwanza, naye alikuwa amekaa juu ya bidoni iliyopinduliwa.

"Kama njo vile, soma yangu. Tusikie kama unaiba."

Shefu akanirudishia kaye bila kuniangalia. Nikatafuta ukurasa, nikasoma, polepole kama ninavyoandika:

"Koko Bernadette ametoka Masisi. Alikuwa na shamba la maharage karibu na mto. Ng'ombe wa jirani walivunja ua kila mara, jioni akamtukana jirani, asubuhi jirani akaleta maziwa kuomba msamaha. Walipokimbia, kila mmoja alishika njia yake. Koko anasema hapa mjini watu ni wazuri, lakini hana mtu wa kumtukana."

Hakuna aliyecheka. Koko alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Njo vile nilisema," akasema. "Bameniandika mara mingi, mara mingi sana. Hakuna hata mumoja alinisomea kile aliandika."

Mama Riziki akasogea, bado amekunja uso. "Na yangu?"

Nikasoma: "Mama Riziki, watoto sita, mlango bluu."

"Basi? Koko umemupa ng'ombe na mto, mimi unanipa mulango?"

Hapo ndipo walicheka tena, na safari hii mikono iliachia jile. Shefu, ambaye bado alikuwa ameshika kiuno cha suruali, akatoa hukumu: nitawasomea wote, anayetaka jina lake litoke nichane ukurasa wake mbele yake, halafu maji niliyowapotezea nitayachota mimi, bidoni zote, kwenye robine ya chini. Wengine walitaka uchanwe, nikachana, na walikuwa na haki. Wengine walisema niache.

Robine ya chini iko mbali, na njia ni ya mawe makali ya volkano. Safari ya kwanza nilianguka. Safari ya pili Mama Riziki alinikuta, akanifunga bidoni mgongoni na kuivuta kamba hadi kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kule milimani, akajitwika nyingine, akasema, "Sasa sikiliza, nikuambie ile mulango ilitoka wapi." Akasimulia kwenda na kurudi, hadi bidoni ya mwisho. Wengine nao walikuja wakabeba zao, bila kusema kwamba wananisaidia. Nilikuwa nimewapa tumaini la unga ambao haukuwapo, nikawanyima na maji, na nilikuwa nimekula mkate wao. Wangeweza kunipiga. Badala yake walinifundisha kubeba, na kusimulia pia. Shukrani yangu kwao haijapata maneno bado, ninaandika polepole.

Kwa hiyo nimeweka nadhiri. Sitafungua tena kaye mbele ya mtu kabla sijamwambia kwa mdomo wangu mimi ni nani na ninaandika kwa ajili ya nini, hata kama naogopa, na naogopa kila mara.

Juzi nilirudi pale. Nilisimama kwanza, nikasema kwa sauti kwamba mimi sina proje, sina unga, sina mafuta, ninajifunza hadithi tu. Mama mmoja mgeni, ambaye nadhani amefika Goma majuzi, aliniangalia kutoka juu hadi chini, akasogeza bidoni yake ili nipate fasi ya kukaa.

"Kama hauna unga," akasema, "basi andika muzuri."