Vidonge vya Mdogo Wangu

Siku hiyo bomani tulikuwa hawa: nyanya, aliyemzaa baba, mama yangu, ndani ya nyumba yake, mke mwenzake na binti mkubwa wa huyo mke mwenza, aliyekuwa akiposwa, mdogo wangu wa kike mwenye kifafa, mimi, na dresa wa zahanati. Majina yao ninayo yote, ila siyaandiki, maana wana wajukuu.

Dresa huyo alitembea kwa miguu, boma kwa boma, akiwaangalia watoto wenye magonjwa yasiyoisha. Kwa ukoo alikuwa ndugu wa babu, kwa hiyo ni baba mkwe wa mama, na kwetu Kisii baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Alisimama nje penye migomba, vidonge akampa nyanya, nyanya ndiye wa kumpa mdogo wangu asubuhi na jioni.

"Anameza, shemeji?"

"Anameza kama bisi."

"Mbona bado anaanguka?"

"Labda dawa yako imechoka njiani kama wewe."

Tukacheka. Na mdogo wangu alikuwa ameshaangukia moto, mkono umeungua.

Dresa akifunga mkoba, yule binti mkubwa aliyekuwa akisaga wimbi uani akaanguka, povu mdomoni. Mama yake akakimbia kumfunika shuka. Dresa akamlaza ubavu, akangoja atulie.

"Shemeji, huyu anakunywa dawa za nani?"

Nyanya akatazama chini. "Vya asubuhi ni vya mdogo. Vya jioni nampa huyu. Wenye posa wakisikia, nani atamwoa?"

"Ungeniambia, ningeleta vya wawili!"

"Wewe unayepita kila boma, siri hiyo ungeiacha wapi?"

Ndipo mama akasema kutoka ndani, "Mama, kidonda cha mtoto wangu ulikuwa unakifunga wewe mwenyewe."

Mimi nilikuwa nalala kwa nyanya, najifunika blanketi lake. Jioni ile nilirudi kwa mama. Dresa akaleta vya wawili, vya mdogo wangu akanikabidhi mimi. Mdogo wangu akaacha kuanguka ovyo, lakini vidole vya mkono ulioungua havikunyooka tena. Nyanya akiniita, nilijifanya sisikii, mpaka akaacha kuita.

Nakumbuka hakuomba radhi kwa mdogo wangu hata siku moja. Kama yuko mtu wa boma letu aliyemsikia akiomba, tafadhali anisahihishe. Hapo ningefurahi kuwa nimekosea.