Majani ya Mikaratusi Wiki ya Harusi ya Vero

Harufu ya majani makavu ya mkaratusi yakiungua hunisimamisha popote nilipo. Juzi jirani yangu alikuwa anachoma takataka nyuma ya ukuta, nami nikiwa jikoni nimeshika sufuria nikajikuta natabasamu na kuona aibu kwa wakati mmoja, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Ngoja nikusimulie, ila naomba usinicheke sana.

Nyumbani kwetu Endagikot baba alikuwa na kitu ambacho hakuna jirani aliyekuwa nacho: uwanja wa nyasi mbele ya nyumba. Ulikuwa ukoka mfupi, laini, alioubeba kwenye gunia na kuupanda kipande kwa kipande. Majirani walimcheka. Mtu ana ardhi nzuri ya mahindi, anapanda nyasi, halafu anafukuza ng'ombe wasizile! Baba aliwajibu kwamba ipo siku ataoza binti, na wao watakuja kukalia nyasi hizohizo wakila nyama.

Siku hiyo ilifika nikiwa na miaka tisa. Dada yangu Veronika, tuliyemwita Vero, alichumbiwa na kijana wa Katesh, mpole, mwenye masikio makubwa. Ukumbi wa kukodi hatukuuweza, kwa hiyo sherehe ikapangwa nyumbani, Jumamosi, juu ya ukoka wa baba. Lakini ilikuwa Agosti, na Agosti kwetu upepo haupumziki. Mikaratusi iliyopakana na uwanja ilimwaga majani mchana na usiku, mpaka nyasi zikawa hazionekani.

Baba alitaka kuweka vibarua na kununua reki dukani. Mama akasema hela yote imeishia kwenye mchele na ng'ombe, na mikono tunayo. Basi baba akachukua ubao, akanyoosha misumari iliyopinda kwa kuigonga juu ya jiwe, akaipigilia kwa safu na kutia mpini wa jembe. Reki yake ilikuwa nzito ajabu, na mara nyingine iling'oa ukoka pamoja na majani, jambo lililomfanya mwenyewe aangalie pembeni. Chandarua kikuukuu kikawa toroli letu. Tulikijaza majani, tukashika pembe zake na kukikokota hadi zizini, yakawe matandiko ya ng'ombe.

Kila asubuhi ya wiki ile, ukungu ukiwa bado umelala na vidole vikiuma kwa baridi, mama na Vero walitoka kufagia, nami nikiwafuata na chandarua. Walifanya kazi polepole hadi nikawa nakereka. Mama alivuta reki mara tatu, akasimama, akaegemea mpini na kuzungumza kwa sauti ya chini. Vero alicheka, au alichezea jani. Nikisogea tu, mama alisema, "Tere, kamwangalie ndama." Ndama alikuwa mzima. Niliporudi, walikuwa wamefagia sehemu ya ukubwa wa mkeka.

Na kesho yake majani yalikuwa yamejaa tena!

"Mama," nilimuuliza Jumatano, "kwa nini tusisubiri Ijumaa, tufagie mara moja yaishe?"

"Wewe shika chandarua."

Alhamisi mchana mama na Vero walikwenda Mbulu mjini kujaribu gauni. Baba na wageni waliojaa nyumbani walikuwa wamekwenda kutafuta kuni za sherehe, nikabaki na bibi, mama yake baba, aliyekuwa anaota jua kibarazani amejifunika shuka, akisinzia. Nikaamua kuwafundisha watu wazima kazi. Nilikusanya majani katikati ya uwanja, nikachukua kaa la moto jikoni kwa koleo, nikalitia chini ya lundo.

Ndugu yangu, majani ya mkaratusi yana mafuta. Moto uliruka kwa mlio kama wa nyama kwenye kikaango, kisha ukaanza kutambaa kwenye ukoka mkavu. Nilipiga kelele. Bibi aliamka, akashika ndoo iliyokuwa karibu na kuimwaga yote, kumbe ilikuwa na maharage yaliyolowekwa kwa ajili ya makande ya jioni. Tukamalizia kwa magunia yenye maji. Moshi ulipoisha, lilibaki doa jeusi, pana kuliko godoro, na maharage yametapakaa juu yake.

Mama aliporudi nilikimbia kumlaki.

"Shikamoo mama."

Mama alikuwa anaangalia uwanja. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi na mjukuu wangu," bibi alisema bila kupepesa macho. "Tulikuwa tunapika maharage."

Vero aliangua kicheko. Mama hakucheka. Aliketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kitenge na kulia.

"Nilibakiwa na asubuhi moja tu," alisema.

Nilidhani anamaanisha ukoka hautaota kwa asubuhi moja.

Habari zilienea. Ijumaa alfajiri wakatoka shangazi, wakaja majirani, hata wale waliomcheka baba, kila mmoja na fagio lake. Kwa nusu saa uwanja ulikuwa safi, na mama hakupata hata nafasi ya kuegemea mpini. Bibi akaamuru meza ya maharusi iwekwe juu ya doa. Ndivyo Vero alivyoolewa akiwa ameketi juu ya majivu yangu. Aliposimama kucheza, pindo la gauni jeupe lilikuwa na mstari mweusi. Alilitazama, akanitafuta kwa macho kati ya watoto, akanikonyeza.

Miaka mingi baadaye Vero ndiye aliyenieleza. Wiki ile nyumba ilijaa wageni, shangazi wamelala hadi jikoni, na uwanja ule wenye baridi ndio ulikuwa mahali pekee ambapo mama angeweza kukaa naye peke yao. Alimweleza jinsi ya kuishi na mama mkwe, lini anyamaze na lini akatae, na jinsi yeye mwenyewe alivyolia mwezi mzima alipoletwa kwetu. "Alinipa asubuhi nne," Vero aliniambia. "Ya tano uliichoma wewe." Kisha akacheka hadi akakohoa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka vizuri Jumatatu iliyofuata harusi. Wageni walikuwa wameondoka, Vero yuko Katesh, na majani yamejaa uwanjani kama kawaida. Mama alitoka na reki ya misumari, akaniita.

"Leo anakuja nani?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu," alisema. "Wewe njoo tu."

Akavuta reki mara tatu, akasimama, akaegemea mpini, na akaanza kunisimulia.